Mrejesho: meza ya mninga wa zamani na msonobari mpya

Wakuu, niliuliza kama mninga wa mlango mkuukuu unaweza kuunganishwa na msonobari mpya kwenye meza moja. Unaweza, meza imesimama! Mninga uko juu, msonobari ni fremu na miguu. Kabla ya kupiga randa nilipitisha sumaku kwenye kila ubao, maana msumari uliokatikia ndani ungeharibu kisu.

Ushauri wa kutogandisha uso wa meza kwenye fremu kwa gundi ulikuwa wa maana kuliko yote. Nimetumia skrubu tu, na matundu yake nimeyarefusha kufuata upana wa mbao, ili zitanuke na kusinyaa bila kupasuka. Juu nimepaka mafuta ya kitani. Wekundu wa mninga umetoka vizuri mno. Asanteni sana. Sasa naanza benchi lake.