13-10 TENA! Nebraska mnatuua kwa papara, mashabiki tumechoka

Wakuu, habari za usiku.

Mods, tafadhali msiuunganishe uzi huu na ule wa michezo ya Marekani. Huu ni wa kulalamika na nina mengi. Na wale wa "kwani umelazimishwa kushabikia?" nawaomba mpite kimya kimya, mke wangu kaniuliza hilo jana mara nne.

Jana Ijumaa, tarehe 29 Novemba 2024, tumefungwa na Iowa 13-10, kwa mkwaju wa sekunde za mwisho. Mwaka jana, Ijumaa kama hiyo hiyo baada ya sikukuu yao ya kula bata mzinga, Iowa hao hao walitufunga 13-10, kwa mkwaju wa sekunde za mwisho. Hapana, sijarudia mstari kwa bahati mbaya. Ndivyo ilivyokuwa.

Kwa mgeni: nazungumzia futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti na mpira wenye umbo la papai. Mkwaju ni kuupiga kwa mguu upite katikati ya nguzo, pointi 3. Timu ni ya Chuo Kikuu cha Nebraska, mji wa Lincoln ninakoishi. Najua ukisikia "timu ya chuo" unawaza vijana wanacheza jioni nyuma ya hosteli, watazamaji ni mademu zao na mbuzi wawili. Huku sivyo. Uwanja wetu, Memorial Stadium, unaingiza zaidi ya watu 85,000, wakati kwa Mkapa ni 60,000. Tiketi zinaisha kila mechi ya nyumbani tangu Novemba 1962, yaani Tanganyika yetu haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru. Jimbo zima halina timu hata moja ya ligi kuu ya kulipwa ya futiboli hii, kwa hiyo mapenzi yote, hela zote na presha zote za watu ziko hapa. Hakuna Simba na Yanga za kugawana machungu. Ikifungwa, tumefungwa sote.

Niwape picha ya jana. Nimetoka kazini ghalani saa tisa mchana, nikapika chai ya tangawizi, nikavaa sweta langu jekundu ambalo halijaguswa na maji tangu tuifunge Wisconsin wiki iliyopita 44-25. Tulikuwa hatujawafunga hao tangu 2012, kwa hiyo sweta lilikuwa na kazi maalumu, msinicheke. Mapumziko tunaongoza 10-0, tena kwao, Iowa City. Nikamtumia jamaa yangu wa kazini, mtu wa Iowa, emoji ya mtu aliyelala. Kosa langu la kwanza.

Kipindi cha pili wakarudi. Kijana wao mmoja, Kaleb Johnson, kapewa pasi fupi tu ya kawaida, akakimbia nayo, watu wetu wanamkosa mmoja baada ya mwingine, yadi 72 mpaka ndani. Sawa, hayo ni mambo ya mpira. Pamoja na mkwaju mmoja, ikawa 10-10.

Sasa nisikilizeni hapa. Zimebaki kama sekunde 20. Matokeo ni sare. Mpira tunao SISI. Kwenye mchezo huu kuna kitu cha bure kabisa kinaitwa kupiga goti: kwotabeki (mrushaji mkuu wa pasi) anapokea mpira, anagusisha goti chini, saa inatembea, mnakwenda muda wa nyongeza mkiwa wazima. Mama watoto alikuwa kwenye kochi anakunja nguo za watoto, hata kwenye TV hatazami. Akasema, "Sasa hivi wanauangusha." Nikamwambia hebu acha uchuro wako. Kwotabeki wetu, Dylan Raiola, akarudi nyuma kutafuta mtu wa kumrushia, jitu la Iowa likamfikia, mpira ukamtoka mkononi kama kipande cha sabuni bafuni. Iowa wakauokota. Akaja mpiga mikwaju wao, Drew Stevens, yadi 53, ambazo ni kama mita 48, baridi ile. Ukapita katikati ya nguzo.

Mama watoto akaendelea kukunja nguo. Hakusema kitu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Simu ikalia, ujumbe kutoka kwa yule jamaa wa Iowa: "13-10". Basi. Hakuweka hata emoji.

Raiola simlaumu. Dogo ana miaka 19, yuko mwaka wa kwanza, na baba yake mzazi aliichezea Nebraska hii hii. Ninaowalaumu ni wakubwa. Maana hii si bahati mbaya, wakuu. Angalieni mwaka jana peke yake. Mechi ya kwanza ya msimu, Minnesota: tunaongoza 10-3 mpaka mwishoni, wakasawazisha, tukapata mpira, tukaurusha mikononi mwao, wakapiga mkwaju. 13-10. Novemba, Maryland: sare 10-10, tuko kwenye mlango wao kabisa, tukarusha pasi ikadakwa na mtu wao ndani ya eneo la kufungia, wakateremka nao, mkwaju. 13-10. Kisha Iowa: chini ya dakika moja, mpira tunao, tukaurusha, ukadakwa, mkwaju. 13-10. Na jana. Nne! Namba zile zile, wizi ule ule, isipokuwa mlango tunafungua wenyewe na tunamshikia mwizi tochi.

(Na mwaka jana huo huo, tarehe 30 Agosti, timu ya wanawake ya voliboli ya chuo hiki hiki ilicheza ndani ya Memorial Stadium, wakaja watu 92,003. Ikatangazwa rekodi ya dunia kwa mchezo wa wanawake. Wakashinda 3-0, watu wakarudi nyumbani wanaimba. Kesho yake wanaume wakaenda Minnesota kufanya niliyoyaeleza. Kuna siku nawaza wale dada wapewe helmeti tu.)

Ugonjwa wetu unaitwa PAPARA. Sio hela: kocha Matt Rhule alipewa mkataba wa miaka 8 wa dola milioni 74. Sio vipaji, tunao. Ni papara, na imeanzia juu, ofisi za wakubwa, imeshuka ngazi kwa ngazi mpaka imemfikia mtoto wa miaka 19 mwenye mpira mkononi na sekunde 20.

Kwa faida ya vijana. Tom Osborne alifundisha timu hii kuanzia 1973 hadi 1997. Miaka 25. Alishinda mechi 255, akafungwa 49, sare 3, na hakuna msimu hata mmoja aliomaliza chini ya ushindi 9. Ubingwa wa taifa aliuchukua 1994, 1995 na 1997. Akastaafu, akamwachia msaidizi wake Frank Solich. Mwaka 2003 Solich akashinda 9, akafungwa 3. Wakamfukuza! Wakasema kwa lugha zao za kiofisi kwamba hiyo si hadhi ya Nebraska. Baadaye akaja Bo Pelini. Misimu saba, kila msimu ushindi 9 au 10. Naye wakamfukuza 2014, akiwa na ushindi 9.

Hapa niseme ukweli, na mimi nilishangilia Pelini alipoondoka. Nilikuwa na miaka mitatu tu mjini, nikajiona mjuzi, nikawa napiga kelele kinyozini kwamba kila mwaka kufungwa mechi nne ni aibu. Mnajua tangu hapo tumefikisha ushindi 9 mara ngapi? Mara moja. 2016. Mdomo huu.

Halafu wakaja kumchukua Scott Frost, mtoto wa nyumbani, kwotabeki wa ubingwa wa 1997. Tukampokea kama mkombozi. Ushindi 16, kufungwa 31. Na mechi zile za kukaribiana, zinazoamuliwa kwa pointi 8 au pungufu, alishinda 5 akapoteza 22. Msimu wa 2021 tulifungwa mechi 9 na hakuna hata moja tuliyozidiwa zaidi ya pointi 9. Ukituona unasema hawa si wabovu. Ndiyo, si wabovu, ni wa kukaribia tu. Kila siku wa kukaribia, mwaka nenda mwaka rudi.

Mnataka kuiona papara kwa macho? Dublin, Ireland, tarehe 27 Agosti 2022. Tunaongoza Northwestern 28-17. Tumewashika kooni. Tunatakiwa tu kupiga mpira mbali, waanzie kwao huko nyuma. Kocha akaagiza upigwe mfupi wa kushtukiza ili tuudake wenyewe! Wakaudaka wao. Tukafungwa 31-28. Sasa subirini: Northwestern hao hao msimu mzima hawakushinda mechi nyingine yoyote. Moja tu. Yetu. Tulisafiri mpaka Ulaya kwenda kuwapa.

Wiki mbili baadaye Georgia Southern wakaja Lincoln. Hawa ni wale wageni mnaowalipa, na walilipwa zaidi ya dola milioni 1, waje wafungwe warudi kwao. Tukafunga pointi 42. Wao 45. Kesho yake Frost akafukuzwa. Na ili mjue papara haina chama, mkataba wake ulisema wakisubiri mpaka tarehe 1 Oktoba, fidia inashuka kutoka dola milioni 15 hadi milioni 7.5. Wiki tatu tu! Hawakuweza kukaa kimya wiki tatu kwa dola milioni 7.5. Mimi ghalani nikichelewa dakika saba kugonga kadi nakatwa.

Sasa huyu Rhule. Sitaki afukuzwe, naomba ieleweke, maana nimewasoma wengine wameanza. Mwaka huu tuna ushindi 6, kufungwa 6, na kwa mara ya kwanza tangu 2016 tutacheza mechi ya baada ya msimu. Hilo nalipokea kwa mikono miwili. Lakini mzee, tulianza msimu na ushindi 5 katika mechi 6. Kisha Indiana wakatupiga 56-7, ile hata siiongelei. Halafu Ohio State 21-17, UCLA 27-20, USC 28-20. Zote za kukaribia. Katikati ya msimu mwongozaji wa mashambulizi akapokonywa usukani, akaletwa Dana Holgorsen kupanga mechi. Sawa, badilisheni. Ila nani anawafundisha hawa watoto kwamba sare sio msiba? Kwamba kuna wakati jambo la kiume ni kupiga goti ukasubiri?

Jana kwenye kurusha sarafu manahodha wetu walikataa kushikana mikono na wa Iowa. Hamaki ya nini? Umekwenda kwa watu, wasalimie, wafunge, uondoke. Sisi tumenuna mlangoni halafu tukaacha kombe sebuleni kwao.

Kuna mzee jirani yangu hapa, mstaafu wa reli, tiketi za msimu za familia yao ameanza kuzitumia akiwa kijana. Ndiye aliyenipeleka uwanjani mara ya kwanza, Oktoba 2011, tukicheza na Ohio State. Nilikuwa na miezi miwili Marekani, sijui sheria hata moja, nimefungwa blanketi la babu wa watu. Tukawa nyuma 27-6. Nikadhani tutaondoka. Mzee hata hakugeuka. Tukarudi, tukashinda 34-27, hakuna timu ya Nebraska iliyowahi kutoka mbali vile. Watu 85,000 wanaruka, zege linatetemeka chini ya miguu, mzee ananikumbatia kama vile mimi ndiye niliyefunga. Wakuu, pale ndipo nilipotapeliwa. Nilidhani kila Jumamosi huwa hivyo.

Huyo mzee sasa anasikilizia redio gereji kwake. Jana dirisha langu la jikoni linatazamana na gereji yake, taa inawaka. Zilipobaki zile sekunde 20 nikaona taa imezimwa. Mpira ulikuwa haujaanguka bado! Akatoka na reki, usiku, baridi ya kuganda, akaanza kukusanya majani ambayo hayapo. Nikajua huyu naye ameshazoea kuondoka kabla ya msiba kutangazwa.

EDIT: Mnaoniambia nihamie Iowa kwa kuwa ni jirani, mnajua mnachosema? Ni sawa na kumwambia mtu wa Jangwani avuke Msimbazi kwa kuwa ni karibu.

EDIT 2: Aliyeuliza mechi ya mwakani: ni Novemba 28, 2025, hapa Lincoln. Nimeshamwomba supavaiza anipangie kazi siku hiyo, zamu mbili. Ila nimeamka asubuhi nikakuta mama watoto amefungua kalenda mpya ya jikoni, ile ya benki, na kwenye Novemba ameshaandika matokeo kwa kalamu nyekundu. Amewaacha wao na 13, sisi na 10. Nimetafuta raba nikakuta ametumia maka.