MREJESHO: Watu wa mjini 18, mlima mmoja, siku moja

Niliuliza namna ya kupandisha mlima watu 18 ambao mazoezi yao makubwa ni ngazi za ofisini lifti ikigoma. Asanteni wakuu, haya ndiyo yaliyosaidia.

Muda: kanuni ya 1892 ya Naismith, mpanda milima wa Scotland, inasema saa moja kwa kilomita 5, pamoja na saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 10 na mita 600 ni saa 3. Zidisha mara mbili. Naismith hakuhesabu picha.

Kubwa kuliko yote ni mpangilio. Wenye kasi wakitangulia, hukaa kivulini kusubiri, na yule wa mwisho akifika tu, wanasimama na kuondoka. Wao wamepumzika mara tano, yeye hata mara moja. Mweke anayetembea polepole mbele, na mfunga msafara mmoja nyuma kabisa, mtu yeyote asibaki nyuma yake.

Raba mpya ni maumivu ya hiari. Kisigino kikianza kuwaka, bandika plasta papo hapo. Lengelenge likishatokea umechelewa. Kucha zikatwe siku mbili kabla, na kamba zikazwe kifundoni kabla ya kushuka, la sivyo vidole vinagonga mbele ya kiatu kila hatua.

Jinzi ikilowa jasho haikauki, inasugua mapaja.

Maji lita 2 kila mtu, abebe mwenyewe. Na aliyekuja na spika, aibebe yeye pia.