Tulilipia udhibiti wa taa bila waya, tukapewa Waifai ya wageni

Ndugu wanajukwaa, hasa mafundi wa taa na wenye vikundi vya maigizo hapa Dodoma,

Nimesubiri siku kumi na tisa ili hasira ipoe kabla sijaandika, na haijapoa. Kikundi chetu kilikodi ukumbi mmoja hapa jijini kwa siku mbili, Ijumaa na Jumamosi, pamoja na taa zake, na katika ankara tuliyopewa kulikuwa na mstari unaojitegemea uliosema "udhibiti wa taa bila waya kwa kompyuta mpakato na vishikwambi", ukiwa na bei yake, ambayo tuliilipa yote kabla ya kukabidhiwa funguo. Ukumbi wenyewe siutaji, kwa sababu jambo hili nimelikuta katika kumbi zaidi ya moja.

Asiyewahi kupanda ngazi kulenga taa anaweza kudhani kuwa huduma hiyo ni anasa. Meza ya taa, yaani mtambo wa kuamuru taa zote, katika ukumbi ule iko roshani, nyuma kabisa, mita kama thelathini kutoka jukwaani. Fundi aliye juu ya ngazi akitaka taa namba 14 iwashwe, ama apige kelele na mwenzake wa roshani asikie vibaya na kuwasha ya 44, ama awe na kishikwambi chake shingoni, aiwashe mwenyewe, ailenge, aizime na kuhamia nyingine. Tulikuwa na taa zaidi ya hamsini. Kwa kupigiana kelele siku nzima ingekwisha. Kwa kishikwambi, kazi hiyo humalizika kabla ya chakula cha mchana.

Tulipofika Ijumaa asubuhi, kijana wa ukumbi alituelekeza kwenye Waifai ile ile ambayo nenosiri lake limebandikwa mapokezi kwa ajili ya wageni wa semina. Kishikwambi kikaunganika, alama za mtandao zikajaa, lakini programu ya kuendeshea taa ikadai kuwa haioni meza. Sababu haikuwa fumbo: ruta, yaani kifaa kinachorusha Waifai, ilikuwa ikivigawia vifaa anwani za mtandao zinazoanza na 192.168, ilhali meza ilikuwa imewekewa anwani ya kudumu inayoanza na 10, na vifaa vyenye anwani za mafungu tofauti namna hiyo havizungumzi hata vikiwa kwenye ruta moja, mpaka pawe na kitu cha kuviunganisha. "Kaka, izime uiwashe tena," kijana alinishauri. Niliizima nikaiwasha mara nne, kwa heshima tu, maana anwani ya kudumu haibadiliki kwa kuzimwa. Ndiyo maana ikaitwa ya kudumu. Mwishowe nilikipa kishikwambi anwani ya fungu lile lile la 10, na saa sita mchana, ukumbi ukiwa mtupu, kila kitu kilitii. Kijana alitabasamu kana kwamba ametengeneza yeye.

Ilipofika saa moja usiku ukumbi ulijaa. Katika onyesho letu kuna kipande ambacho mwanga hufifia hadi giza, wanawake wanaingia na ngoma zao za muheme na kuzibana mapajani, kisha taa zinapanda taratibu ngoma ikianza. Kwa kuwa kutoka roshani huwezi kuona walio nyuma ya pazia, nilimweka msaidizi wangu pembeni ya jukwaa na kishikwambi ili yeye ndiye atoe amri. Hilo ni kosa langu na ninalikiri. Alibonyeza, taa hazikufifia. Akabonyeza tena, na tena. Wale kina mama waliingia mwanga ukiwa umewaka wote, kila mmoja akihangaika kukaa sawa na kurekebisha khanga mbele ya macho ya watu mia kadhaa, na walipoanza kupiga, amri zote tatu zilizokuwa zimekwama zikafika kwa mpigo na ukumbi ukazama gizani. Niliirudisha taa kwa mkono kutoka mezani, lakini kicheko kilikwisha kutoka.

Sasa sikilizeni maelezo ya meneja, ambaye nilimfuata kwa adabu zote nikimwita mzee wangu: "Bwana mkubwa, leo intaneti ya Dodoma nzima ilikuwa nzito." Meza ya taa haihitaji intaneti! Mkonga wa Taifa ungeweza kukatika kuanzia hapa hadi baharini na taa zile zisijue. Kinachohitajika ni kishikwambi na meza kusikilizana ndani ya ukumbi ule ule, na hicho ndicho kilichokuwa kimesongwa. Ruta ile ilikuwa ikitumia masafa ya gigahezi 2.4 peke yake, ambako chaneli, yaani njia za mawimbi, zisizoingiliana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11, na usiku ule simu za watazamaji zilikuwa zimejazana humo zikipakia picha na video. Miili ya watu nayo, kwa kuwa ina maji mengi, hunyonya masafa hayo, kwa hiyo jaribio la mchana katika viti vitupu halikuwa limetuthibitishia lolote.

Lililoniudhi zaidi nililiona nilipofungua kabati la vifaa. Ruta ya wageni ilikuwa imechomekwa kwenye swichi ile ile ya mtandao inayobeba data kutoka mezani kwenda kwenye taa. Meza hutuma thamani za chaneli 512 za kila univasi, yaani kila fungu la njia za kuamuru taa (hizi si zile za Waifai), hadi mara 44 kwa sekunde, na data za namna hiyo zikielekezwa kwa vifaa vyote, ruta ya kawaida huzimwaga hewani nazo, tena kwa mwendo wa chini kabisa ili hata kifaa dhaifu kizisikie. Yaani taa zenyewe zilikuwa zikisaidia kuziba njia. Na kwa mpangilio huo, mtoto yeyote mwenye nenosiri la mapokezi na programu ya meza ile, ambayo hupatikana dukani kama programu nyingine, angeweza kuzima taa zetu akiwa kwenye kiti chake.

Ninafahamu kuwa kumbi nyingi zilizojengwa hapa tangu Serikali ihamie Dodoma zimelenga mikutano na warsha, ambako mjumbe akikosa Waifai ndipo simu za lawama zinapoanza kupigwa. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kulipishwa kwa kitu ambacho hakuna aliyekiweka wala kukijaribu.

Jumamosi tulinunua ruta yetu ndogo yenye gigahezi 5, hatukuiunganisha na intaneti, tukaipa jina lisilovutia na nenosiri refu, tukaifunga karibu na jukwaa na kuvuta kebo ya mita arobaini hadi mezani. Ile ya wageni tuliichomoa kutoka kwenye swichi ya taa. Kishikwambi kilituletea ukaidi mmoja: kila kilipogundua kuwa mtandao hauna intaneti kilihamia kwenye kifurushi cha simu kimyakimya, mpaka tulipozima data. Kompyuta mpakato ya Windows nayo iliuchukulia mtandao wetu kuwa wa hadharani na kuzuia mawasiliano hadi tulipoutambulisha kuwa wa binafsi. Baada ya hapo tulilenga taa upya bila waya, na onyesho zima likaendeshwa kutoka mezani kwa vidole, huku msaidizi akinipa ishara kwa redio ya mkononi. Hakuna amri iliyochelewa.

Jumatatu niliwasilisha barua ya kudai turudishiwe fedha za ule mstari wa ankara, pamoja na gharama ya ruta na kebo, nikaambatanisha picha za kabati. Nimepewa muhuri wa kupokelewa na sijapewa kingine. Mwenye ukumbi akisoma hapa, namba yangu anayo kwenye mkataba. Nanyi mliowahi kutozwa huduma hii katika kumbi za hapa, tafadhali elezeni kama ruta mliyokabidhiwa ilikuwa ya taa peke yake au ile ya mapokezi, na kama kuna yeyote aliyewahi kurudishiwa fedha zake.