Nyumba iliyofungwa Mkomani: iwe ya huduma, au ibaki ya warithi?

Mwanzisha mada
Assalaam alaykum watu wa Amu (Lamu), na jirani zetu wa Malindi. Anayepita vichochoro vya mtaa wetu wa Mkomani anaijua nyumba ya namna hii. Mlango wa nakshi una kufuli lenye kutu, dari ya juu imelala upande mmoja, mti umeota ukutani na ndani ni popo watupu. Warithi wametawanyika, Mombasa na Arabuni. Walio karibu wanasema wako radhi kuitoa kwa miaka kadhaa bila kodi, mradi itengenezwe.

Rai yangu: iwe mahali pa kumsikiliza mtu. Mwanamke mwenye shauri la talaka, matunzo au mirathi apate wa kumwelekeza kabla hajafika kwa kadhi. Kijana anayejaribu kuacha unga, dawa za kulevya, apate wa kuzungumza naye, na mamake pia. Dawa na kulazwa vibaki hospitalini.

Kwa nini nyumba ya kale, na si chumba cha bloku nyuma ya ofisi fulani? Kwa sababu nyumba hizi zilijengwa kwa sitara. Unapita daka la mlangoni na baraza zake, unaingia tekani, ukumbi mdogo wa ndani, njia inapinda, ndipo unatokea kiwandani, yaani uani. Aliye nje haoni kitu. Mwanamke akipanga foleni kwenye ofisi ya ufukoni, hadi alasiri mji mzima umeshajua. Hapa anabisha hodi kama mgeni mwingine yeyote. Hata vyumba vinasaidia: upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, hauvuki sana mita mbili na nusu, kwa hiyo ni virefu na vyembamba. Kwa mkutano havifai. Kwa watu wawili kuzungumza vimetosha kabisa.

Tena si jambo geni. Ngome yetu ilikuwa jela hadi 1984, leo ina maktaba na watu hukutana humo. Nyumba ya Nguzo ya Malindi iliwahi kuwa hospitali kabla ya kuwa makumbusho. UNESCO ilipouandika mji huu kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, iliuandika kama mji wenye watu ndani yake. Magofu tunayo Gede.

Mjukuu wa Langoni
Sitara unayoisifu ilikuwa ya nani, ami? Katika nyumba nyingi za ghorofa, mabwana waliishi juu. Chini palikuwa na ghala, na palilala watumwa. Sisi wengine wazee wetu hawakuingia kwa daka kama wageni. Sipingi huduma. Ila msiitengeneze kisha mkaandika mlangoni "urithi wetu sote" kana kwamba zidaka za juu, vile vishubaka vya nakshi ukutani, na giza la chini ni historia moja. Na msiwaweke wenye shida chini, maofisa wakakaa juu kwenye upepo.

Mwanzisha mada
Hilo la mwisho sikuwa nimelifikiria. Vyumba vya kusikiliza viwe juu, basi.

Mama wa Matondoni
Juu? Ngazi zile mimi na goti langu sizipandi, mwanangu. Aliyejifungua juzi je? Pawe na chumba kimoja cha chini chenye taa na hewa. Na mshauri wa wanawake awe mwanamke, asiyekuwa jamaa wa upande wowote. Hapa Amu kumpata wa hivyo ni kazi kuliko kupandisha boriti!

Jirani
Nasema wazi: vijana wa unga sitaki. Watoto wangu hupita pale kwenda chuoni, madrasa. Mtaa huu ni wa familia.

Mwanzisha mada
Hao vijana tayari wako kwenye baraza zetu usiku, na wengi ni wa familia hizo hizo. Lakini sitaki mwanamke aliyekuja kwa shauri lake akutane nao mlangoni. Asubuhi iwe ya wanawake, alasiri ya vijana. Zikishindikana zote mbili, tuanze na wanawake.

Fundi wa chokaa
Mnagawana vyumba na paa halijasimama. Maji ndiyo yanayoua nyumba hizi. Yakiingia juu, vichwa vya boriti vinaoza ukutani, mchwa anamalizia, dari inashuka na kuvuta ukuta. Kwa hiyo paa kwanza, choo na njia ya maji pili, nakshi mwisho kabisa. Wafadhili hupenda kuanza na mlango kwa sababu unapendeza pichani.

La pili, saruji. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unavuta unyevu na kuutoa. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu unakwama ndani na chumvi inaisukuma lipu mpaka inabanduka vipande vipande. Nimeitwa mara nyingi kubandua kazi ya namna hiyo. Chokaa inataka muda: kuchoma, kuzima, kuiacha ikae. Boriti nazo zinataka kibali. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kwetu, lakini wakataji hawajasahau marufuku ya kukata miti ya 2018. Mkipanga bajeti ya saruji na miezi mitatu, msiniite.

Na baada ya hapo? Nyumba ya chokaa hudai mkono kila baada ya mvua. Nani atalipa mwaka wa tano?

Msomi wa sheria
Swali la fundi linakwenda na langu. "Warithi wako radhi" maana yake nini? Radhi ya wangapi? Katika mirathi yetu binti ana fungu lake, hata kama kaka zake hawakumtaja. Mkitia fedha za umma kwa neno la mdomo, nyumba ikishapendeza atakuja tajiri na dau lake. Mkomani na Shela tumeyaona. Bora wanaotaka waweke mafungu yao wakfu, na kwa asiyetaka pawe na mkataba wa miaka inayojulikana, uliosajiliwa. Kama jengo limo katika hifadhi, Makumbusho ya Taifa yaulizwe kabla ya kugusa jiwe. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 si pambo.

Mwanzisha mada
Nakubali, ila wakfu wenyewe una ugonjwa wake. Nyumba ngapi za wakfu zinaporomoka mjini humu kwa kukosa wa kuzisimamia? Mimi ningefanya hivi: chumba kimoja cha mbele kipangishwe kwa fundi cherehani au muuza vitabu, na kodi yake isiguswe ila kwa chokaa na paa. Kaunti ilipe mishahara ya washauri. Isipoahidi kwa maandishi, tusifungue hilo kufuli.

Fundi wa chokaa
Kodi ya chumba kimoja haitoshi paa. Itatosha chokaa. Leteni radhi za warithi kabla ya masika, nipande juu nihesabu boriti zilizooza, kisha tuzungumze fedha.