Rimu za aluminiamu zenye spoku huku pwani: nta, vanishi au oili chafu?

Mchuuzi wa Mikindani
Habari za wakati huu, ndugu wanachama. Pikipiki yangu hubeba samaki kila siku kutoka Mikindani hadi Mtwara mjini, na maji ya barafu yenye chumvi yanayovuja kwenye tenga hudondokea gurudumu la nyuma njia nzima. Sasa kila nipeli, yaani kile kinati kidogo kinachoshika spoku kwenye rimu, imezungukwa na duara la unga mweupe. Nikiukwangua kwa ukucha unatoka, lakini chini yake ninakuta vishimo vidogo kama vya ncha ya sindano. Gurudumu la mbele, ambalo ni la umri uleule, halijafikia hali hiyo. Nimeshauriwa njia tatu: kupaka oili chafu, kupaka nta ya gari, au kupuliza vanishi. Ninaomba ulinganisho kutoka kwa watu waliojaribu, kwa sababu rimu hizi ndizo zinazobeba riziki yangu.

Fundi Magurudumu, Lindi
Ndugu, kwanza gusisha sumaku kwenye rimu. Ikinasa, hiyo ni chuma iliyopakwa kromu na tiba yake ni nyingine. Isiponasa, ni aluminiamu, na unga huo mweupe ndio kutu yake.

Sababu ya kuanzia kwenye nipeli ni kwamba pale ndipo metali mbili tofauti zinapokutana. Nipeli nyingi ni za shaba nyeupe au za chuma kilichopakwa zinki, na maji ya chumvi yakiingia kati yake na rimu, viwili hivyo hufanya kazi kama betri ndogo ambayo upande dhaifu ndio unaoliwa. Zinki ikiwapo, huliwa yenyewe kwanza na rimu husalimika. Ikiisha, au nipeli ikiwa ya shaba, zamu inakuwa ya aluminiamu. Ndiyo maana mtu anaweza kung'arisha rimu kwa nje mpaka akajiona usoni, huku mashimo ya nipeli yanaendelea kuliwa kwa ndani.

Kuhusu oili chafu, ninaomba uachane nayo kabisa. Hunasa vumbi na mchanga wenye chumvi ukaganda palepale kwenye shina la spoku, na gurudumu likizunguka oili husambaa hadi kwenye tairi. Ikifika kwenye viatu vya breki, utakuwa umeokoa rimu na kupoteza breki.

Mbeba Chumvi, Lindi
Mimi hubeba magunia kutoka kwenye mashamba ya chumvi, kwa hiyo ninazungumza kwa uzoefu. Nta inafaa, lakini haina maana yoyote ikipakwa juu ya chumvi. Hapo awali nilikuwa nikifuta rimu kwa kitambaa kikavu, ninapaka nta, kisha ninaifunika pikipiki kwa turubai nikiamini kwamba imelala pakavu. Asubuhi nilikuta spoku zimelowa ingawa mvua haikunyesha. Chumvi huanza kuvuta maji kutoka hewani yenyewe pale unyevu wa hewa unapopita takriban asilimia 75, na usiku wa huku pwani unyevu huo ni wa kawaida.

Siku hizi ninaosha kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi kila jioni, nikielekeza maji mengi kwenye mizizi ya spoku, kisha ninazunguka na pikipiki dakika chache ili maji yaruke kabla sijaiegesha. Nta ninapaka mara moja kwa mwezi, kwa mswaki wa zamani, hadi kwenye shingo ya kila nipeli. Ningelazimika kuchagua kimoja kati ya nta na maji, ningechagua maji.

Dereva wa Kilwa Masoko
Nilijaribu vanishi. Kwa miezi michache ya kwanza rimu zilipendeza kuliko za rafiki zangu wote, lakini kokoto za barabarani ziliibanja sehemu chache, na kutoka kwenye kila jeraha kukaanza kutambaa mistari myembamba chini ya vanishi kama njia za mchwa. Usichoweza kukifikia huwezi kukiosha. Ilinibidi kuibandua yote. Vanishi ninaikubali kwa rimu mpya, kavu na safi, ambayo mwenyewe yuko tayari kuziba kila mkwaruzo siku ileile. Kwa rimu ambayo tayari ina vishimo, ni kuufungia ugonjwa ndani.

Mkulima wa Newala
Sisi tulio mbali na bahari tunaziharibu kwa kuzisafisha vibaya. Nilizisugua kwa jivu kama sufuria, zikafifia na kuwa na mabaka. Kila mpishi anajua sufuria ya aluminiamu hufanya nini ikichemshiwa magadi, na jivu ni la jamii hiyohiyo. Steelwire pia iepukwe, kwani huacha vipande vya chuma vinavyoshika kutu juu ya rimu.

Fundi Magurudumu, Lindi
Ninakubaliana na Mbeba Chumvi kuhusu nje, lakini hakuna aliyetaja ndani. Siku ya kuziba pancha, mwombe fundi alitoe tairi lote. Uondoe mkanda wa mpira unaofunika vichwa vya nipeli, usafishe, ukaushe kabisa, kisha upake rangi ya epoksi tabaka mbili. Nyuzi za nipeli (hesi) zipakwe grisi isiyoyeyuka kwa maji, kidogo tu, moja baada ya nyingine, bila kulegeza spoku zote kwa pamoja.

Mchuuzi wa Mikindani
Ahsanteni sana. Leo nimelitoa tairi la nyuma. Sumaku haikunasa. Chini ya mkanda nimekuta mchanga mbichi wenye harufu ya samaki, na kati ya spoku 36, nipeli saba hazizunguki kabisa.

Fundi Magurudumu, Lindi
Usizilazimishe, kaka, zitakatika. Zidondoshee oili nyepesi na uziache zilale hadi kesho. Ila kwanza chunguza kila tundu mchana kweupe. Ukiona ufa, rimu hiyo isirudi barabarani.

Mchuuzi wa Mikindani
Nimechunguza. Matundu mawili yana ufa, na mmoja umekwisha kufika karibu na ukingo. Rimu hiyo nimeiweka pembeni, na mpya itapakwa ndani kabla ya kufungwa spoku. Chini ya tenga nimefunga beseni la plastiki lenye bomba la mpira linalomwaga maji kando, mbali na gurudumu.