Kidonda cha unyayo kwa mgonjwa wa sukari, wiki ya saba hakifungi: tubadilishe dawa gani?

BintiWaKilosa:
Wakuu, habari za jioni. Naomba mwongozo wa wenye ujuzi, si wa kubahatisha.

Mgonjwa ni bi mkubwa wangu, miaka 58, mwaka wa 11 na sukari, yuko kwenye metformini na glibenklamaidi. Ana kidonda chini ya unyayo wa kulia, nyuma kidogo ya kidole gumba, pale uzito unapokaa mtu akisukuma hatua. Kina sentimita 2 kwa 1.5 na kimezungukwa na sugu ngumu ya manjano. Hakimuumi hata kidogo, sokoni anakwenda nacho kama kawaida, kwa ndala. Tunasafisha kwa spiriti asubuhi na jioni, tunapaka GV, na kuna anayetushauri tufungue kapsuli za amoksilini tunyunyizie unga wake. Sukari ya asubuhi kabla ya kula inacheza kati ya 11 na 14.

Tubadilishe dawa gani ya kupaka? Na kidonda kisichouma, si afadhali hicho?

TabibuMsamvu:
Dada, pole kwa kuuguza. Naanza na swali lako la mwisho maana ndilo lililobeba jibu la yote. Kidonda cha unyayo kisichouma ndicho cha kuogopwa. Sukari ya muda mrefu huua mishipa ya fahamu, ikianzia vidoleni. Mtu mwenye fahamu zake akipata kidonda pale angechechemea, na kule kuchechemea ndiko kunakokipumzisha kidonda hadi kikafunga. Mama hachechemei. Kila hatua anaiponda nyama changa iliyoota usiku, na hakuna dawa ya kupaka inayoshindana na uzito wa mwili mzima.

Ile sugu nayo ni mshitakiwa. Ngozi huanza kujihami kwa kuwa nene, halafu unene ule unageuka kokoto ndani ya kiatu. Damu huvujia chini yake na nyama inakufa kabla ngozi haijafunguka, kwa hiyo hizo sentimita 2 unazoziona juu huenda chini ni zaidi. Inachongwa kliniki kwa kisu cha upasuaji, na mtu aliyefundishwa, kila wiki moja au mbili. Msiguse kwa wembe nyumbani, wala zile dawa za maji za kuondoa sugu; ni asidi, na mguu wenye ganzi hautasema umeungua.

Spiriti acheni leo, inaua chembe mpya pamoja na vijidudu. GV inapaka rangi mahali ambapo sisi tunatafuta wekundu. Unga wa kapsuli unakauka kuwa gamba, usaha unafungiwa chini, na dawa yenyewe haifiki vilipo vijidudu.

Vidonge vya antibiotiki ni suala jingine. Kidonda kuwa wazi si sababu ya kuvimeza. Tunasema kina maambukizi kikiwa na angalau mambo mawili kati ya haya: uvimbe, wekundu unaovuka nusu sentimita kutoka ukingoni, joto, maumivu, usaha. Kwa ngozi nyeusi usisubiri wekundu wa vitabuni. Tafuta ngozi iliyong'aa, iliyozidi weusi, na uipime kwa mgongo wa kiganja ukilinganisha na mguu wa pili.

Sasa fanyeni vipimo viwili nyumbani, kisha uturudie. Cha kwanza ni ganzi. Mama afumbe macho. Mguse kwa ncha ya kidole chako, kwa wepesi kama nzi anatua, sekunde moja au mbili, bila kubonyeza wala kupapasa: kidole gumba, cha kati na cha mwisho, miguu yote. Ni sehemu sita. Akikosa mbili au zaidi, ulinzi wa miguu umeshapotea. Cha pili ni damu. Tafuta mapigo juu ya mguu, kando ya ile kano inayonyanyuka akiinua kidole gumba, na mengine nyuma ya kifundo cha ndani. Tumia vidole viwili, usitumie gumba lako maana utahesabu mapigo yako mwenyewe. Usipoyapata, hiyo ni kazi ya hospitali: wanapima presha ya kifundo cha mguu kwa dopla (mashine ya kusikiliza damu inavyopita) na kuigawanya kwa presha ya mkono. Chini ya 0.9 mishipa imeziba. Ikivuka 1.3 msishangilie, mishipa imekuwa migumu kama bomba kwa chokaa na kipimo kinadanganya. Hapo hupimwa presha ya kidole cha mguu.

MzeeWaPwani:
Asali mbichi ya nyuki wadogo, binti. Paka, funga, siku ya tatu fungua. Kidonda ndugu hakina ubishi na asali.

NesiVidonda:
Mzee wangu, shikamoo. Asali inayotumika hospitalini imeuliwa vijidudu kwa mionzi. Ya kwenye chupa ya sokoni inaweza kubeba mbegu za vijidudu zinazopenda mahali pasipo hewa. Na hata ile ya hospitali, miongozo ya kimataifa ya mguu wa kisukari haiipendekezi kama njia ya kuponyesha kidonda, kwa kuwa ushahidi wake ni dhaifu. Kinachotakiwa kugusa kidonda hiki ni kidogo kuliko watu wanavyodhani.

Maji ya chumvi: chemsha nusu lita ya maji dakika tano, tia chumvi kijiko kimoja cha chai, kisijae sana, funika yapoe kabisa. Ya leo ni ya leo, kesho chemsha mengine. Nawa mikono, vaa gluvu safi, mwagia kidonda kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Usikisugue. Futa ngozi ya pembeni hadi ikauke, hasa katikati ya vidole, halafu weka gozi safi (kile kitambaa chepesi cha hospitali cha kufungia vidonda). Kama kidonda ni kikavu, ilowanishe kwa maji yale yale na ukamue. Kama kinatoa maji mengi, weka kavu na ya kutosha. Pamba usiweke moja kwa moja, nyuzi zake hubaki ndani. Bandeji isikaze, na plasta usiizungushe kidole kizima, kidole kikivimba inageuka kitanzi.

Kuloweka mguu kwenye beseni la maji ya moto hapana. Ngozi inalainika kama ya mfuaji nguo, na mguu usio na hisia unaungulia mle mle.

Kila ukifungua, nusa na tazama. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo, bila kungoja tarehe ya kliniki, mkiona wekundu au weusi umevuka sentimita 2, mstari unapanda kuelekea muundi, harufu ya kuoza, kidole kimekuwa cheusi au cha baridi, ngozi ikibonyezwa inachakarika kama mfuko wa nailoni, au homa na kutetemeka. Homa isipokuwepo msijipe moyo. Wengi wenye sukari hupata maambukizi makubwa bila joto kupanda. Mara nyingine dalili pekee ni sukari kuruka juu bila sababu ya chakula.

Na muulize kama amepata chanjo ya pepopunda. Watu huisahau.

BintiWaKilosa:
Asanteni sana. Majibu: ganzi amekosa sehemu nne kati ya sita. Mapigo nimeyapata yote mawili, mguu una joto la kawaida. Kliniki wamechonga sugu, na sasa kidonda ni sentimita 3 kwa 2! Wamepenyeza kichuma chembamba wakasema hakijagonga mfupa, eksirei ni safi, warudie baada ya wiki tatu. Hawakuandika antibiotiki. Wanataka kumfunga hogo (plasta ngumu) hadi chini ya goti. Baba mdogo amekataa katakata, anasema hogo ni la mtu aliyevunjika, na kidonda kikifungiwa mle kitaoza.

TabibuMsamvu:
Kliniki hiyo inajua inachofanya, msiihame. Kidonda hakikukua, kimefunuliwa. Kurudia eksirei ni sahihi pia: mfupa ulioanza kuliwa huchukua wiki mbili tatu kabla picha haijaonyesha. Ungekuwa umeshaingiliwa, tungekuwa tunazungumzia antibiotiki za wiki sita au upasuaji.

Mwambie baba mdogo hivi. Hogo hili halishiki mfupa. Linashikana na mguu na muundi kote, ili uzito uliokuwa unadondokea nukta moja ugawanyike kwenye unyayo mzima na sehemu yake ibebwe na kuta za hogo hadi muundini. Ni ujuzi uliotoka kwa wagonjwa wa ukoma, ambao nao miguu yao haina hisia. Daktari Paul Brand aliutumia Vellore, India, kisha Carville, Marekani, na kutoka kwao ukaingia kwenye kisukari. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2001 ulilinganisha njia tatu kwa wiki 12: waliofungwa hogo walipona karibu 90 kati ya 100, waliopewa buti la tiba la kuvua 65, na waliopewa nusu kiatu (kinachobeba nyuma ya mguu, mbele isikanyage) 58.

Tofauti kati ya hogo na buti si ufundi wa buti. Ni kwamba buti linavuliwa. Watafiti walipoweka kipima hatua kwa siri ndani ya buti, na kingine kiunoni, waligundua mgonjwa alikuwa amelivaa kwa asilimia 28 tu ya hatua zake. Usiku akienda chooni, hatua tano sita za kupita jikoni, zote ni za mguu mtupu. Ndiyo maana wengine huzungushia buti bandeji ya plasta ili lisivulike.

Kuhusu kuoza: hofu yake ina msingi mahali fulani. Hogo halifungwi kwenye mguu wenye maambukizi mazito, wala mguu uliokosa damu. Huyu hana yote mawili. La kwanza hufunguliwa ndani ya wiki moja, kwa sababu uvimbe unashuka, hogo linalegea na kuanza kusugua. Baada ya hapo kila wiki moja au mbili. Kidonda husafishwa na sugu kuchongwa kila linapofunguliwa. Mkiona limelowa kwa nje, linanuka, linacheza, vidole vimevimba au vimepoa, homa, au sukari imeruka, likatwe siku hiyo. Kiatu cha mguu wa pili kiongezwe soli ilingane kimo na hogo, la sivyo nyonga na mgongo vitalalamika na ataanguka. Na awe na gongo. Hogo si ruhusa ya kurudi sokoni.

FundiSoli:
Naongeza kwa wasomaji wengine ambao kliniki zao hazina hogo wala buti. Kuna felti (kitambaa kinene cha sufi iliyoshindiliwa) ya milimita 5 hadi 6. Inakatwa umbo la U, kidonda kikae kwenye uwazi na mdomo wa U uelekee vidoleni. Usitoboe duara dogo linalobana, kingo zake zitakata mzunguko na nyama itavimbia ndani ya tundu. Inabandikwa na mhudumu wa kliniki, ndani ya kiatu kinachotosha. Ikishapata siku kadhaa imelala bapa, haifanyi kazi tena, ibadilishwe. Ni njia ya mwisho, si sawa na hogo.

Kidonda kikifunga, ndala ziagwe. Mwenye ganzi hushikilia ndala kwa kukunja vidole, na huko ndiko vidole vinapochubuka. Tena ikimvuka njiani hajui. Sandali nzuri hutengenezeka hapa hapa. Chini soli ya tairi kama ya katambuga, msumari na mwiba visipenye. Juu yake sponji laini ya milimita 10 hadi 12, ile ukiibonyeza inarudi polepole. Tairi peke yake ni gumu mno, sponji peke yake inapitisha msumari. Mikanda iwe mipana, mmoja nyuma ya kisigino, na usiwepo unaopita kati ya vidole. Misumari hapana, gundi na uzi tu. Kipimo kichukuliwe jioni mguu ukiwa umejaa, nafasi ya sentimita moja mbele ya kidole kirefu. Kila anapovaa aingize mkono kwanza. Watu wametembea siku nzima na kizibo cha soda ndani.

DukaLaDawa:
Mmesahau sukari jamani. 11 hadi 14 kabla ya kula ni juu mno kwa kidonda. Kwa wengi tunalenga 4 hadi 7. Lakini msimwongezee glibenklamaidi wenyewe. Inakaa mwilini muda mrefu, na figo zikiwa zimechoka inaweza kumshusha usiku akapoteza fahamu. Apimwe kreatinini (kipimo cha damu cha kuangalia figo), kisha daktari aamue. Akiwekwa insulini msilie kama mmepewa taarifa ya msiba, mara nyingi ni ya kuvuka kipindi hiki. Na ale: mayai, maharage, dagaa. Kidonda hakijengwi na uji mtupu. Kama figo zina shida, kiasi cha protini apangiwe.

NesiVidonda:
Na alale ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri. Si mbu tu. Mwaka 2005 Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam waliandika juu ya wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini. Panya anauma huku anapuliza, na kwenye mguu wenye ganzi hata kupuliza hahitaji. Hiyo ni hatari ya mguu wa pili hasa, ambao nao umekosa hisia na sasa ndio unaobeba kazi. Ukagueni kila jioni, weka kioo chini ya unyayo.

BintiWaKilosa:
Baba mdogo amesoma uzi wote, amekubali. Hogo ni Jumatatu. Nitajuaje kama linafanya kazi, na baadaye anaweza kurudi kazini kwake sokoni?

TabibuMsamvu:
Kila likifunguliwa omba urefu na upana, zidisha, andika. Leo ni 3 kwa 2, yaani 6. Futa ile 2 kwa 1.5, ilipimwa juu ya sugu. Wiki ya nne ikiwa imeshuka hadi 3 au chini, mko njiani. Ikibaki juu ya hapo, uwezekano wa kufunga ndani ya wiki 12 ni mdogo, waanze upya kutafuta: damu ipimwe kwa mashine hata kama mapigo yanasikika, mfupa upigwe picha tena, na mama aulizwe kwa upole anatembea kiasi gani.

Sokoni tutazungumza kikishafunga. Kati ya waliopona, 40 kwa kila 100 hupata kingine ndani ya mwaka mmoja, mara nyingi pale pale. Kwa hiyo siku hogo linapokatwa kwa mara ya mwisho, sandali ya FundiSoli iwe imeshafika. Mpeni kipimo mapema, mguu wa kushoto sasa, wa kulia likifunguliwa hogo la pili.