Mchwa kwenye fremu za milango, Kisumu: dawa ipi, kiasi gani?

Mkazi_Nyamasaria
Habari zenu wadau. Nyumba ni ya matofali, mita 8 kwa 10, sakafu ya saruji, na udongo wa nje ni ule mweusi unaopasuka kiangazi. Fremu mbili upande wa jikoni zina vijia vya udongo vinavyopanda kutoka sakafuni, na ukizigonga zinasikika tupu ndani. Fundi anataka kumwaga oili chafu iliyochanganywa na dizeli kuzunguka msingi. Kisima kiko mita 12 hivi kutoka ukuta huo. Nitajuaje kama mchwa bado wamo? Dawa ipi, na kiasi gani? Fremu zing'olewe kwanza?

Dawa_na_Udongo
Ndugu, oili chafu mkatalie leo hii. Inapaka uso wa udongo tu, haifiki kwenye njia wanazopitia chini, na kwa kisima cha mita 12 utaishia kunywa hiyo oili.

Kwanza hakikisha ni mchwa. Kwangua kipande cha kijia kama sentimita 5, kilichobaki usikiguse. Ndani utaona wadudu weupe laini, na baadhi yao wana vichwa vikubwa vya kahawia, hao ndio askari. Rudi baada ya siku mbili tatu. Pengo likiwa limezibwa kwa udongo mbichi, wamo. Lisipozibwa, usishangilie bado, maana huenda wamehamia njia nyingine. Chomeka bisibisi kwenye fremu kila sentimita 20 kuanzia chini. Inapozama bila nguvu, mbao imekwisha, na mara nyingi utakuta ndani wameijaza udongo. Kama hakuna udongo popote, ila vitobo na unga laini sakafuni, hao ni wadudu wengine wanaotoboa mbao na haya yote hayawahusu.

Jambo linalowaponza wengi ni kupulizia dawa ya mende kwenye vijia. Mchwa wengi wa huku kwetu hula mbao wakaipeleka kwenye kiota kulishia ukungu wanaoulima, na kiota chenyewe kinaweza kuwa nje kabisa, mita nyingi kutoka nyumbani. Unaua mia, malkia anaendelea kutaga. Tena dawa nyingi za kupulizia zinawafukuza tu, wanazunguka na kutokea chumba kingine.

Kinachotibiwa ni udongo, tena bila kuacha pengo. Chukua dawa isiyowafukuza, yenye imidaklopridi au fipronili, na chupa iwe na namba ya usajili ya PCPB (bodi ya serikali inayosajili dawa za wadudu) na lebo inayotaja mchwa wa majengo. Chimba mfereji kuzunguka msingi, upana sentimita 15, kina 30. Kiasi ni lita 5 za mchanganyiko kwa kila mita moja ya ukuta. Mzingo wako ni mita 36, kwa hiyo lita 180. Imidaklopridi ya gramu 200 kwa lita huchanganywa mililita 2.5 kwa lita moja ya maji ili kupata asilimia 0.05: pampu ya lita 20 inachukua mililita 50, kazi nzima 450. Fipronili ya gramu 50 kwa lita ni mililita 12 kwa lita moja. Lebo yako ikisema tofauti, fuata lebo.

Mimina nusu mferejini, nusu nyingine uchanganye na udongo unaourudisha. Ukimwaga yote juu juu, ule udongo mweusi hauinywi, inatiririka.

FundiMbao_Nakuru
Hapo sawa, lakini mfereji wa nje peke yake hautoshi kwa fremu za ndani. Mchwa hao wanapanda kupitia ufa kati ya sakafu na ukuta, au pale bomba linapopenya saruji. Toboa sakafu kwa drili, biti ya milimita 12, sentimita 10 hadi 15 kutoka ukutani, tundu kila sentimita 30, pande zote mbili za kila mlango ulioathirika na kuendelea ukutani. Kila tundu lita 1.5, taratibu, kisha ziba kwa saruji. Kabla ya kutoboa, ujue mabomba ya maji na nyaya zinapita wapi.

Huku Nakuru udongo wetu wa majivu ya volkano unameza dawa upesi, tunamimina kwa awamu. Kwenu shida ni kinyume chake: kiangazi udongo unapasuka na ule ukuta wa dawa unakatika, mchwa wanapita kwenye ufa. Fanya kazi udongo ukiwa na unyevu kidogo, usiotota, na mvua isiwe inakaribia. Kagua tena kila mwaka baada ya kiangazi.

Mkazi_Nyamasaria
Asanteni. Na upande wa kisima? Kumbikumbi nao walitoka wengi sana mvua ilipoanza, hiyo ni dalili?

Dawa_na_Udongo
Upande wa kisima usimimine mferejini. Chimbua udongo, uweke kwenye turubai, uchanganye na dawa hapo, uache unywe kabisa, ndipo urudishe. Sakafu ya upande huo usiitoboe kabla ya mtu mwenye leseni ya kazi hiyo kuja kuangalia. Sukuma wiki iliyo karibu na ukuta ihamishwe. Glavu, buti na barakoa uvae, watoto wasiwepo, na chupa tupu isitumike tena kwa chochote. Mabaki ya dawa yasifike mtaroni, maana viumbe wa majini hawaivumilii.

Bukhungu_Shambani
Kumbikumbi waliofuata taa kutoka nje si dalili ya nyumba. Wakitoka kwenye ufa wa sakafu au wa ukuta, au ukikuta mabawa yamerundikana dirishani na nyumba imefungwa, hapo kuna njia ndani. Tena angalia kama kuna kichuguu uwanjani. Wanaochimba huishia juu; chumba cha malkia ni bonge gumu la udongo katikati ya kiota, na usipolifikia umewapa kazi ya kujenga upya tu. Wale wasiojenga kichuguu huwapati kwa jembe.

Ondoa pia kuni zilizoegemezwa ukutani, visiki, na mbao za fomu (zile za kushikilia zege) zilizoachwa ardhini wakati wa ujenzi. Tangi linalovuja na mfereji wa paa unaomwaga maji msingini virekebishwe kabla ya dawa.

FundiMbao_Nakuru
Kuhusu fremu: tibu udongo kwanza, subiri wiki kadhaa, kagua vijia, ndipo ung'oe. Ukiweka mpya leo wataihamia. Mpya iwe ya mbao iliyotibiwa kwa shinikizo, yaani dawa imesukumwa ndani yake kiwandani, na kila mwisho utakaoukata kwa msumeno uupake dawa ya mbao, kwa sababu pale umefungua kiini ambacho dawa haikufika. Miguu ya fremu isizikwe kwenye saruji. Iishie juu ya sakafu, ili kijia kikijengwa tena ukione mapema.